Maine yamwondoa Columbus kwenye kalenda: mwenyeji amepata nini?

Jumatatu ya pili ya Oktoba, mkazi wa Portland, mji mkubwa kuliko yote katika jimbo la Maine, akienda posta atakuta imefungwa. Posta ni ya serikali kuu ya Marekani, na kwa serikali kuu siku hiyo ni Siku ya Columbus, ya kumkumbuka baharia aliyefika Amerika mwaka 1492. Akirudi nyumbani akatazama sikukuu za jimbo, siku ileile imeandikwa Siku ya Watu wa Asili, yaani wenyeji waliokuwepo kabla ya Wazungu kufika. Watoto hawakwenda shule, ofisi zimefungwa, majani ya miti yamegeuka mekundu kama kila mwaka, ila tarehe moja ina majina mawili, na kila jina linalikana jingine.

Jina la pili lililetwa na sheria ya jimbo. Mwaka 2019 Benjamin Collings, mjumbe wa Baraza la Wawakilishi la Maine kutoka Portland, alipeleka muswada uliopewa namba LD 179. Haukuwa na maneno mengi: ulifuta jina la Columbus katika orodha ya sikukuu za jimbo na kuweka Watu wa Asili mahali pake. Ulipita mabaraza yote mawili, na tarehe 26 Aprili Gavana Janet Mills akausaini. Majira hayohayo Vermont na New Mexico nazo zilipitisha sheria za namna hiyo. Maine iliadhimisha siku hiyo kwa mara ya kwanza 14 Oktoba 2019, wakati Watanzania wakitimiza miaka 20 tangu Mwalimu Nyerere afariki dunia. Mambo hayo mawili hayana uhusiano, lakini anayeijua 14 Oktoba ya Tanzania anajua siku ya mapumziko inaweza kubeba mzigo gani.

Kuna sababu nyingine ya kuliandika jambo hili kwa Kiswahili. Mwezi Juni mwaka huohuo, mamia ya waomba hifadhi, wengi wao kutoka Kongo na Angola, walifika Portland na kulazwa katika ukumbi wa michezo wa Expo, vitanda vimepangwa uwanjani. Leo Kiswahili kinasikika Portland na Lewiston, mji mwingine wa Maine, kanisani, kwenye basi, kwenye foleni ya duka. Watoto wa familia hizo ndio wanaorudi nyumbani na kalenda ya shule wakiuliza: watu wa asili ni nani, na kwa nini tunapumzika kwa ajili yao? Mzazi anayejibu mambo ya Marekani hayamhusu anamnyima mwanawe jibu la swali zuri.

Msimamo wangu nausema mapema. Maine ilifanya vema. Hata hivyo, kati ya hoja za wanaopinga ipo moja ambayo mpaka leo inanisumbua, na upande wa wanaounga mkono una deni ambalo kalenda haiwezi kulilipa.

Kwanza tuelewe sheria yenyewe ina nguvu gani. Sheria ya Bunge la Marekani ya 1968, iliyoanza kutumika 1971, iliiweka Siku ya Columbus Jumatatu ya pili ya Oktoba, lakini inazihusu ofisi za serikali kuu tu. Kila jimbo lina orodha yake. Ndiyo maana mabadiliko huenda jimbo kwa jimbo, na huenda kwa njia mbili: tangazo la kiongozi, au sheria ya bunge. Oktoba 2021 Rais Joe Biden alitoa tangazo la kwanza la rais la kuadhimisha Siku ya Watu wa Asili, pamoja na lile la Columbus. Oktoba 2025 Rais Donald Trump akamtangaza Columbus peke yake. Tangazo linadumu kadiri ya madaraka ya aliyelisaini. Sheria ya Maine wala haikutikisika, kwa sababu anayetaka kuifuta itambidi apeleke muswada, awasikilize wananchi mbele ya kamati, apate kura katika mabaraza mawili kisha saini ya gavana.

Wakenya wanaujua vizuri mchezo huu wa majina na sheria. Katiba ya 2010 haikuitaja Siku ya Moi, na serikali ikaacha kuiadhimisha. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ikasema 10 Oktoba ingali sikukuu, kwa kuwa Sheria ya Sikukuu za Umma haikuwa imebadilishwa. Siku hiyo ikaja kuitwa Utamaduni, na mwaka 2024 ikawa Mazingira. Lakini Siku ya Kenyatta, ambayo Katiba yenyewe iliigeuza kuwa Mashujaa, haikurudi nyuma hata hatua moja. Kilichoandikwa juu katika sheria ni kigumu kung'oa. Kwa hiyo wanaosema Wabanaki, watu wa asili wa Maine, wangetosheka na tangazo la gavana la kila mwaka, bila kuligusa jina kwenye sheria, wanawapa kitu ambacho gavana mwingine angekifuta kwa kukaa kimya.

Sasa tuje kwa Columbus mwenyewe. Tarehe 12 Oktoba 1492 alishuka katika kisiwa cha Bahama ambacho wenyeji wake Wataino walikiita Guanahani. Walimlaki, wakabadilishana naye vitu. Katika kumbukumbu zake za siku hizohizo aliandika kwamba watu hawa wangefaa kuwa watumishi wazuri, na kwamba kwa askari 50 angeweza kuwatiisha wote. Mwaka 1495, katika kisiwa cha Hispaniola, watu wake waliwakamata Wataino wapatao 1,500, wakawapakia kama 500 kwenye merikebu za kwenda Hispania kuuzwa. Karibu 200 walikufa njiani na kutupwa baharini. Waliobaki walitozwa dhahabu kila miezi mitatu. Wahenga wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu mgeni alikuja, na katika muda wa nusu karne magonjwa, kazi za shuruti na njaa zikawa zimewamaliza wenyeji karibu wote.

Watetezi wake husema tusimpime mtu wa karne ya 15 kwa mizani ya leo. Hoja hiyo ina uzito, na ningeikubali kama watu wa wakati wake wangekuwa wamenyamaza. Hawakunyamaza. Mwaka 1500 wafalme wa Hispania walimtuma Francisco de Bobadilla kuchunguza utawala wake. Akamkamata Columbus, akamrudisha Ulaya akiwa amefungwa minyororo. Ni haki kusema kwamba sehemu kubwa ya mashtaka ilitoka kwa Wahispania wenzake aliowatesa, na wafalme walimwachia baadaye. Lakini mwaka huohuo Malkia Isabella aliamuru Wataino waliouzwa utumwani waachiwe na kurejeshwa kwao. Mwaka 1511 padri wa Kidominiko, Antonio de Montesinos, alisimama mimbarani Santo Domingo, akawauliza walowezi kama hawa wanaowatesa si binadamu wenye roho. Hao si watu wa leo. Tukichukua mizani ya wakati wake, bado Columbus anapungua.

Yanayohusu Columbus mwenyewe hayanipi shida. Ninayemfikiria zaidi ni Mwitalia wa Marekani, na hapo ndipo penye hoja isiyoniacha nilale.

Tarehe 14 Machi 1891, huko New Orleans, kundi la watu lilivunja gereza na kuwaua Waitalia 11. Mkuu wa polisi wa mji, David Hennessy, alikuwa ameuawa mwaka uliotangulia, na Waitalia wakashtakiwa. Mahakama haikumtia hatiani hata mmoja, na umati ukaamua kufanya kazi ambayo mahakama haikuifanya. Italia ikamwita nyumbani balozi wake, na Marekani ikaja kulipa fidia ya dola 25,000. Mwaka uliofuata Rais Benjamin Harrison alitangaza maadhimisho ya miaka 400 ya safari ya Columbus. Wahamiaji wa Kiitalia, waliokuwa wakichekwa kwa lugha yao na kudharauliwa kwa dini yao, walipata jina la kulishika: huyu aliyewatangulia nyote alikuwa wetu. Colorado ikawa jimbo la kwanza kuifanya siku hiyo sikukuu kwa sheria, mwaka 1907. Katika miaka ya 1920 Ku Klux Klan, kundi la Wazungu wabaguzi, walimpiga vita Columbus kwa kuwa walimhesabu ni mtu wa Wakatoliki, na Klan hao walikuwa na nguvu Maine kwenyewe. Mwaka 1924 Ralph Owen Brewster alichaguliwa kuwa gavana wa jimbo hili kwa kuungwa mkono nao. Ilipofika Vita Kuu ya Pili, Waitalia wapatao 600,000 waliokuwa bado hawajapata uraia waliandikwa kuwa wageni wa upande wa adui. Na walipoondolewa jina hilo, Mwanasheria Mkuu Francis Biddle aliwatangazia tarehe 12 Oktoba 1942, Siku ya Columbus.

Kwa hiyo mjukuu wa watu hao anaposema siku hii haikuwa ya kusherehekea mauaji ya Wataino bali ngao ya babu yangu, anasema kweli. Hakuna anayehitaji kulielewa hilo kuliko sisi tuliofika juzi. Mhamiaji anajua ilivyo kutafuta jambo moja tu, jina, timu, shujaa, la kumwambia mwenyeji kwamba na mimi nina haki ya kusimama hapa. Ukimnyang'anya mtu kitu hicho bila kumweleza, umemjeruhi, hata kama kitu chenyewe kilikuwa kibovu tangu mwanzo.

Jibu langu kwake ni hili, nalo natumaini ni jibu la heshima. Ngao ilifanya kazi yake. Hakuna leo anayemzuia Mwitalia wa Marekani kuwa jaji au gavana kwa sababu ya asili yake, na siku ikifutwa hakuna atakayempeleka kwenye lile gereza la New Orleans. Mpenobscot, mmoja wa Wabanaki hao, kisiwani mwake hali yake ni nyingine, kama nitakavyoeleza. Tena ngao hiyo ilitengenezwa kwa mfupa wa mtu mwingine. Babu aliyeichukua huenda hakujua, mjukuu anajua. Namwonea huruma kwa anachopoteza, na bado nasema kitolewe.

Lakini kwa nini kitolewe siku hiyohiyo? Wapinzani wengi wastaarabu husema: wapeni watu wa asili siku yao, tena kubwa, ila msiwanyang'anye wengine. Umoja wa Mataifa una 9 Agosti. Kwa nini kugombanisha jamii mbili juu ya Jumatatu moja?

Sehemu ya jibu ni fedha, na wabunge hawaisemi kwa sauti. Siku mpya ya mapumziko ni siku nyingine ya mishahara bila kazi, na bajeti za majimbo hazipendi hilo. Kubadilisha jina hakugharimu chochote. Ni urahisi uleule unaoufanya muswada upite ambao baadaye unatia shaka kama waliopitisha walitoa kitu. Sehemu ya pili ina uzito zaidi: kwa watu wa asili, kosa lililo kwenye siku hiyo haliponywi kwa kuongezewa siku nyingine. Nikikukosea mbele ya watu kila mwaka tarehe fulani, huniambii nikupongeze mwezi mwingine na ile tarehe niendelee nayo.

Majimbo yamejaribu njia mbalimbali. Nebraska na Oklahoma ziliyaweka majina mawili kwenye siku moja. Inaonekana ni amani, lakini mimi naiona kama kumkaribisha mfiwa kwenye karamu ya aliyemuulia ndugu, kisha kumwambia kiti chake kipo. Colorado, ileile iliyotangulia mwaka 1907, ilifuta Siku ya Columbus mwaka 2020 na badala yake ikaweka siku ya Frances Xavier Cabrini, mtawa aliyezaliwa Lombardia, akaja New York mwaka 1889 kuwahudumia wahamiaji wa Kiitalia na mayatima, na mwaka 1946 akawa raia wa kwanza wa Marekani kutangazwa mtakatifu. Kwa upande wa Waitalia sijaona suluhisho zuri kuliko hilo: limewapa mtu wao, tena mhamiaji kwelikweli, mwenye mikono safi. Ila sheria hiyo haikuwapa watu wa asili wa Colorado siku yoyote. Ingekuwa hiari yangu, Maine ingeiga nusu hiyo ya Colorado, ikaongeza tarehe ndogo ya wahamiaji ambayo Muitalia, Mfaransa wa Lewiston na Mkongo wa Portland wote wangejiona ndani yake.

Wa kwanza wote walikuwa South Dakota. Mwaka 1990, miaka 100 tangu wanajeshi wa Marekani waue mamia ya Walakota huko Wounded Knee, jimbo hilo liliacha Siku ya Columbus na kuanza kuadhimisha Siku ya Wamarekani wa Asili. Tim Giago, Mlakota mwenye gazeti, ndiye aliyemtaka gavana aifanye, na Gavana George Mickelson, wa chama cha Republican, akakubali na kuuita mwaka huo mwaka wa upatanisho. Nalitaja chama kwa makusudi, kwa sababu siku hizi jambo hili linasemwa kana kwamba ni mali ya chama kimoja. Lakini zaidi ya miaka 30 baadaye, kaunti ya Oglala Lakota, ambayo Wounded Knee imo ndani yake, ingali miongoni mwa zilizo maskini kabisa Marekani nzima. Wanaosema jina halijazi chungu wana South Dakota ya kuonyesha.

Nirudi Maine, kwa sababu hapa kuna jambo ambalo pande zote mbili zinalipita haraka. Columbus hakufika Maine. Hakukaribia. Kwa hiyo mpinzani anaweza kuuliza kwa haki: Wabanaki wana ugomvi gani na mtu asiyewahi kuwaona?

Wabanaki maana yake ni watu wa nchi ya mapambazuko, kwa kuwa pwani yao ndiyo inayoliona jua kwanza. Wamo Wapenobscot, Wapassamaquoddy, Wamaliseet na Wami'kmaq. Mwaka 1605 nahodha Mwingereza George Weymouth alifika pwani hiyo, akafanya biashara nao, kisha akawakamata wanaume watano na kuwapeleka Uingereza kuonyeshwa. Mwaka 1755 Spencer Phips, naibu gavana wa Massachusetts iliyoitawala Maine wakati huo, alitangaza zawadi: pauni 40 kwa ngozi ya kichwa cha mwanamume Mpenobscot aliyezidi miaka 12, na pauni 20 kwa ya mwanamke au mtoto. Tangazo hilo lilipigwa chapa na kubandikwa, na nakala zake zipo. Mtu anayesoma bei ya kichwa cha mtoto, iliyoandikwa kwa hati nzuri yenye muhuri, haulizi tena Columbus anaingiaje. Kilichoanzia Guanahani, yaani mazoea ya kuifanya nchi yenye watu kuwa nchi iliyogunduliwa, ndicho kilichofika Maine na kuwekewa bei.

Tena si mambo ya kale tu. Wabanaki wanaoishi kwenye ardhi zao za hifadhi walizuiwa kupiga kura za kuwachagua wabunge wa jimbo mpaka 1967, nyuma ya nchi nyingi za Afrika zilizokwisha pata uhuru. Watoto wao walichukuliwa na kupelekwa kulelewa na familia za kizungu kwa kiwango kilichosababisha kuundwa tume ya ukweli na maridhiano, iliyotoa ripoti yake mwaka 2015.

Na hapa ndipo ninapowageukia waliousaini muswada, kwa sababu mkono mtupu haulambwi.

Katika miaka ya 1970 Wapassamaquoddy na Wapenobscot walikwenda mahakamani wakidai kwamba karibu theluthi mbili ya ardhi ya Maine ilichukuliwa kinyume cha sheria ya Marekani ya 1790, iliyokataza kununua ardhi za watu wa asili bila idhini ya serikali kuu. Madai yalikuwa na nguvu kiasi kwamba wenye ardhi walianza kuogopa. Tarehe 10 Oktoba 1980, siku tatu kabla ya Siku ya Columbus ya mwaka huo, Rais Jimmy Carter alisaini sheria ya suluhu: makabila yalipewa dola milioni 81.5, nyingi zikiwa za kununulia ardhi, nayo yakaacha madai yao. Lakini ndani yake mlikuwa na vifungu vinavyoyahesabu makabila ya Maine karibu kama manispaa chini ya jimbo, na kimoja kinachosema sheria za Marekani zitakazotungwa baadaye kwa faida ya watu wa asili hazitatumika Maine pale zinapogusa mamlaka ya jimbo, isipokuwa Bunge litamke Maine kwa jina. Kwa hiyo kabila la Arizona likipata haki fulani mpya, la Maine linaweza kubaki mlangoni. Watafiti wa Harvard walionyesha mwaka 2022 kwamba tangu 1989 kipato cha kila mtu katika ardhi za watu wa asili za majimbo mengine kilikua kwa asilimia 61, na kwa Wabanaki kwa asilimia 9.

Mwaka 2023 Spika wa Baraza la Wawakilishi, Rachel Talbot Ross, Mmarekani Mweusi wa kwanza kushika kiti hicho Maine, alileta muswada LD 2004 wa kukiondoa kifungu hicho. Ulipita kwa kura za vyama vyote viwili. Gavana Mills, yuleyule aliyesaini Siku ya Watu wa Asili, akautilia kura ya turufu, na bunge halikufikisha theluthi mbili za kuitengua kura hiyo.

Sitaki kumfanya Mills kuwa mtu mbaya wa hadithi. Alisema muswada uliandikwa kwa lugha isiyo wazi na ungezaa kesi za miaka mingi, na mtu aliyekuwa mwanasheria mkuu wa jimbo ana haki ya kuogopa lugha isiyo wazi. Tena mwaka 2022 alisaini sheria iliyowawezesha Wapassamaquoddy wa Sipayik kuchota maji safi katika ardhi yao wenyewe bila kuomba ruhusa ya jimbo, baada ya miongo ya kufungua bomba na kupata maji ya rangi ya udongo. Hiyo inanyweka, na naihesabu kubwa kuliko kalenda. Lakini ukiweka mezani saini mbili, moja iliyobadilisha jina la Jumatatu na nyingine iliyozuia haki ambazo makabila mengine ya Marekani wanazo, unaona mstari ulipochorwa: heshima ilitolewa mpaka pale ilipoanza kugusa mamlaka.

Mto nao unasimulia hivyohivyo. Wapenobscot wanaitwa kwa jina la mto wao, na hifadhi yao ni visiwa vilivyo katikati ya maji. Walishtaki jimbo kutaka maji yanayovizunguka visiwa hivyo yatambuliwe kuwa yao, katika kesi iliyobeba kwa miaka kadhaa jina la Mills mwenyewe akiwa mwanasheria mkuu. Mwaka 2021 mahakama ya rufaa ya Boston ilisema hifadhi ni ardhi ya visiwa tu, maji hayamo, na mwaka 2022 Mahakama ya Juu ikakataa kuisikiliza rufaa. Watu wa mto wana siku rasmi ya jimbo, na mto hawana.

Je, basi waliokuwa wakisema siku hii ni pambo walikuwa sahihi? Hapana, na hapa natofautiana na baadhi ya marafiki wanaowapenda Wabanaki kwa dhati. Tangu 2001 Maine ina sheria inayozitaka shule kufundisha historia ya Wabanaki, iliyoletwa na Donna Loring, mwakilishi wa Wapenobscot bungeni, na kwa miaka mingi shule nyingi ziliipuuza kwa kuwa hakuna kilichomlazimisha mwalimu kuikumbuka. Siku iliyo kwenye kalenda humkumbusha. Novemba 2023 wananchi wa Maine walipiga kura kutaka vifungu vya Katiba ya jimbo vinavyohusu mikataba na makabila, ambavyo tangu 1876 havikuwa vikichapishwa ingawa vilikuwa na nguvu ya sheria, vichapishwe tena. Siwezi kusema siku ya Oktoba ndiyo iliyoleta kura hiyo. Ninachosema ni kwamba mpiga kura asiyejua kama Wabanaki wapo hawezi kuulizwa juu ya mikataba yao akaelewa swali.

Jambo la mwisho ninaloliweka mbele ya msomaji halihitaji maelezo marefu. Tangu karne ya 19 makabila yana viti katika Baraza la Wawakilishi la Maine. Wawakilishi wao huketi, huzungumza, huleta miswada, lakini hawapigi kura. Mwaka 2015 Wapenobscot na Wapassamaquoddy waliwaondoa wawakilishi wao bungeni kwa kupinga namna jimbo lilivyowatendea. Muswada wa LD 179 ulipojadiliwa mwaka 2019, mwakilishi pekee wa kabila aliyekuwa kitini alikuwa Rena Newell wa Wapassamaquoddy. Kura ilipoitwa kuamua kama watu wake watakuwa na siku, yeye hakuwa na kura ya kupiga.

Mills hawezi kugombea muhula wa tatu mfululizo, na Novemba 2026 Maine inachagua gavana mwingine. Wapo Wakongo, Wasomali, Warundi na Wanyarwanda wa Portland na Lewiston waliokwisha pata uraia na kadi ya mpiga kura, ilhali Newell hakuwa na kura ya kupiga ndani ya ukumbi ule. Mgombea akija kwenye jumuiya yao kuomba kura, na watakuja, aulizwe atafanya nini muswada wa namna ya LD 2004 ukifika mezani kwake.